Maharagwe ya Lapanti

Jumapili, 17 Septemba

Nimenunua madaftari mawili Kamembe. La kwanza ni la komite yetu ya kuilinda Lapanti, maana wamenichagua niwe katibu kwa sababu ya mwandiko wangu, na humo nitaandika nani alikuja, nani alichelewa na nini kiliamuliwa. Hili la pili ni la mdomo wangu. Kuna mambo ambayo siwezi kuyaweka kwenye daftari litakalosomwa na mwenyekiti.

Nianze na Lapanti yenyewe. Ni ule mteremko wa miti ulio kati ya barabara ya hospitali na nyumba zetu za chini, hapa Gihundwe. Jina ni Kifaransa kilichochakaa, la pente, yaani mteremko, na hakuna aliyejisumbua kutafuta lingine. Haina mwenyewe. Watoto wanateleza pale juu ya vipande vya madumu, jamaa za wagonjwa wanapumzika pale na sufuria zao, na sisi tunaotoka mpakani na mizigo kichwani ndipo tunapotua kabla ya kumalizia kilima. Tangu nilipoolewa huku Rwanda kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, miaka ishirini na sita, natua pale. Mume wangu alipokuwa hospitalini, nilitoka wodini nikaenda kulia pale, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wageni.

Sasa inasemekana kuna mwekezaji anataka kujenga maghorofa, maduka chini na vyumba juu. Kwenye ramani ya mji Lapanti imepakwa kijani, lakini rangi ya ramani inaweza kubadilishwa wakubwa wakikubaliana. Mukundwa ndiye aliyekwenda kuiona hiyo ramani. Ni jirani yangu, ukuta wake ndio ukuta wangu. Ni nesi, ana miaka ishirini na tisa, na anaongea na watu wazima kama anayewaeleza dozi ya dawa.

Jumanne, 19 Septemba

Komite imekaa kwangu. Tuko wanne: Védaste seremala, ambaye ndiye mwenyekiti, Mukundwa, mimi, na Nyiransabimana anayekaa nyumba ya chini kabisa, mguuni mwa Lapanti. Nimepika chai ya maziwa, wameimaliza yote.

Mukundwa amehesabu miti. Miti mia moja themanini na sita: grevilea, misave, na mivumu mitatu mikubwa. Ameandika kila mmoja na unene wake. Amesoma barua aliyoiandika kwa wilaya, kwamba miti hii inashika udongo, inapoza hewa ya hospitali, na kwamba mji ukiimaliza hautaipata tena kwa fedha yoyote. Barua ni nzuri, sikatai. Lakini mwishoni niliuliza, "Bakikuya kuangalia, bataona nini? Majani na mbuzi?"

Védaste alicheka. Mukundwa hakucheka. Alisema, "Bataona miti, Maman."

Jumapili, 24 Septemba

Nimepata wazo. Nilikuwa kwenye foleni mpakani na kifurushi changu cha maharagwe, maana hiyo ndiyo biashara yangu, nauza mbegu na maharagwe ya kula, na mbele yangu wanawake wawili wanazungumza habari ya kiwanja cha dada yao. Kilichukuliwa kwa sababu kilikaa na nyasi miaka mitatu. Nikajiambia, bwana we, ni kweli. Tumelelewa hivyo wote. Udongo ukiwa na nyasi watu wanasema mwenyewe amekufa. Udongo ukiwa na jembe, kila mtu anapita kando na kusalimu.

Lapanti ilimwe. Siyo kukata miti, kulima kati ya miti. Maharagwe ya kupanda juu, yale marefu, yaonekane mpaka barabarani. Mbegu nitatoa mimi.

Jumatano, 27 Septemba

Komite tena. Nimelisema wazo langu na Nyiransabimana akashika mdomo kwa mikono miwili. Yeye ni wa Bweyeye, kule kando ya msitu wa Nyungwe, ameletwa hapa na mume wake mlinzi. "Miaka munane," alisema, "miaka munane sijashika jembe ya kwangu."

Mukundwa alisubiri tumalize kufurahi. Kisha akasema, "Maman Chloé, tunabaomba batuachie miti. Tukilima, tutakuwa tunaomba nini?"

"Tutaomba fasi yenye batu banaitumia. Fasi ya bure nani ataihurumia?"

"Banaitumia tayari. Kivuli njo matumizi yake."

"Kivuli hakiliwi," nikamjibu, na wote wakacheka, hata yeye kidogo. Tukapiga kura ya mikono. Watatu kwa mmoja.

Jumamosi, 30 Septemba

Umuganda. Mwisho wa mwezi mtaa mzima hutoka kwa kazi ya pamoja, na safari hii Védaste aliomba kazi iwe Lapanti. Watu zaidi ya sitini na majembe. Tumelima kuanzia asubuhi mpaka saa tano, tumepanda mbegu zangu kilo arobaini, nimezitoa bure na sijuti. Nyiransabimana alilima peke yake sehemu ya watu wanne. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini nyimbo za kwao ambazo hakuna aliyezijua.

Mukundwa alikuja. Hakupanda. Alizunguka akiokota mifuko ya plastiki iliyokuwa imenasa kwenye mizizi, akajaza gunia, akaondoka nalo.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Nimepita Lapanti mara tatu, hakuna kilichotoka.

Jumapili, 8 Oktoba

Yametoka. Mistari kwa mistari, kila jani limekunjwa bado. Baada ya misa watu hawakwenda nyumbani, walikwenda kuangalia. Hata jamaa za wagonjwa walisimama na kutupongeza. Sijawahi kuona mtaa huu una furaha namna hii, na nitaandika ukweli, nilijisikia mkubwa.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua kutwa. Mpakani matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 21 Oktoba

Maharagwe ya kupanda juu yanataka mshingiriro, yaani mti mwembamba mrefu kuliko mtu, kila shina na wake, ili yapate pa kupandia. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote hapa, ni kazi yangu. Kumbe sikuwa nimejiuliza mishingiriro elfu mbili itatoka wapi. Sokoni inauzwa kwa bei ya wazimu, na huku mjini hakuna msitu wa kwenda kukata.

Védaste aliangalia juu. "Grevilea inapenda kupunguzwa," alisema. "Matawi tu. Mi ni seremala, miti naijua." Akapanda na panga. Matawi yalianguka, watoto wakayasafisha majani, wanawake wakayachomeka. Kufikia mchana maharagwe ya juu yote yalikuwa na fimbo zao. Ilikuwa kazi safi.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua asubuhi. Wenye mistari ya chini wanalalamika kwamba matawi yamewaishia. Nimewaambia wajipange wenyewe, mimi nina safari ya Bukavu, binti yangu Chloé ni mgonjwa wa malaria.

Jumamosi, 28 Oktoba

Chloé amepona. Nimerudi jana, na leo ni umuganda tena.

Nilipofika Lapanti nilimkuta Mukundwa amesimama katikati na daftari lake. Wiki nzima alikuwa zamu ya usiku, hakuwa amepita. Alikuwa anahesabu. Alikuwa anahesabu kwa kidole, akirudi nyuma, akihesabu tena, kama ambavyo mtu huhesabu watoto wake stendi.

Misave yote midogo haipo. Ilikuwa hamsini na kitu, myembamba, minyoofu, mirefu kuliko mtu. Imesimama bado, kama ukiangalia vizuri. Imesimama kavu, imechomekwa kwenye udongo, na maharagwe yanaipanda. Na grevilea zote zimenyolewa mpaka juu, kila moja imebaki na kishungi. Hakuna aliyesema miti ikatwe. Tulisema matawi. Kila mtu alikata mti mmoja tu, au miwili, kwa ajili ya mistari yake.

Mukundwa aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maman, nibaandikie nini sasa kule wilayani?"

Nilipaswa kunyamaza. Ningesema tu sijui. Lakini watu walikuwa wanatuangalia, na kilo arobaini zilikuwa zangu, na kulikuwa na yule Nyiransabimana amesimama na mkono kwenye shina la mshingiriro kama anayelinda ng'ombe wake. Nikasema, "Weye hauna mutoto wa kulisha, njo maana uko na wakati ya kuhesabu miti."

Alifunga daftari. "Ni sawa, Maman," alisema, akachukua jembe na kwenda kufanya kazi kwenye mfereji pamoja na wengine mpaka saa tano.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua. Mukundwa amenisalimia asubuhi kama kawaida, ameniuliza hali ya Chloé. Nimejibu kwa kichwa.

Jumapili, 5 Novemba

Tumekula majani ya maharagwe kwa mara ya kwanza. Laini sana. Nyumba kama thelathini zimepika mboga ya Lapanti leo. Nimemtuma mtoto wa jirani apeleke sahani kwa Mukundwa, imerudi tupu na imeoshwa, na asante.

Alhamisi, 9 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri mpaka saa nne. Udongo wa Lapanti umeshuka. Siyo maporomoko ya kutangazwa redioni, ni matope tu, yamepita mfereji na kuingia uani kwa Nyiransabimana mpaka magotini, na jiko lake la nje limezama. Hii haijatokea mwaka wowote niukumbukao.

Nyiransabimana alikuwa anachota kwa beleshi na kucheka. "Udongo yangu imenifuata nyumbani," alisema. Anacheka kwa sababu akianza kulia itabidi aseme kwa nini.

Mukundwa alitoka kazini saa nane mchana, akavua viatu, akachukua karai. Alibeba matope mpaka jioni. Mimi niliona yote kutoka dirishani. Sikwenda kwa sababu nilikuwa na mizigo ya kupanga. Hapana. Daftari hili nililinunua ili niseme kweli: sikuwa na mizigo. Sikutaka kubeba karai kando yake.

Jumatano, 15 Novemba

Wilaya imejibu. Watakuja kukagua Lapanti tarehe 22. Védaste anaruka kama kijana. Anasema barua imefanya kazi, anasahau nani aliiandika.

Jumatatu, 20 Novemba

Leo nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Mukundwa alibisha mlango wangu saa kumi na moja jioni. Nilimkaribisha kiti, akakataa chai, na mtu akikataa chai yangu najua ana neno zito. Alisema amefikiri sana. Alisema njia moja imebaki.

"Tuyang'oe, Maman. Sehemu ya juu yote. Kesho, siye wote, batu bakiwa wengi ni kazi ya nusu siku. Tubaambie wale wakubwa ukweli. Tuseme, tulikosea, tulikata miti tukifikiri tunailinda. Tubaonyeshe mashimo, tubaonyeshe na miche. Nimeomba miche mia mbili, banatupatia. Batu wenye banasema wamekosea na tayari beko na miche mukononi, hao wanasikilizwa."

"Na maharagwe?"

"Tunapoteza maharagwe."

Nikamwambia njoo. Tukatoka, tukaenda kusimama juu ya Lapanti, mimi na yeye. Mvua ilikuwa imekatika. Maharagwe yalikuwa yamejaa maua, meupe na ya zambarau, na mengine yalishaanza maganda machanga. Mama mmoja alikuwa anapita katikati akinyoosha ncha zilizoanguka, akizirudisha kwenye fimbo. Alikuwa Nyiransabimana.

"Mwangalie," nilimwambia Mukundwa. "Nenda weye umwambie ang'oe."

Hakwenda. Nilijua hataenda. Hakuna mtu huku anayeweza kung'oa haragwe lenye maua. Unaweza kumkosea mkweo, unaweza kuvunja hata ndoa, lakini hilo hapana, mikono inakataa. Mimi mwenyewe nimeona watu wakikimbia risasi kule kwetu na kabla ya kukimbia wanachuma kwanza.

Kisha akasema, "Kama weye ungesema, bangesikiliza. Mi hawanisikilizi."

Ni kweli, wangenisikiliza. Niliwapa mbegu. Nilimjibu kwamba wakubwa wakiona kazi hii watatuheshimu, asiwe na wasiwasi. Nikamshika bega, mimi, nikamfariji.

Jumatano, 22 Novemba

Wamekuja watatu, kwa gari nyeupe. Kiongozi wao ni mama wa makamo, ana buti za mvua na sauti ya upole. Tulikuwa tumevaa vizuri. Védaste alikuwa na koti. Mimi nilivaa kitenge changu cha harusi ya Chloé.

Mama wa buti alikuwa ameshika barua ya Mukundwa. Aliangalia mteremko, akaangalia barua. "Humu mumeandika msitu wa mji," alisema. "Uko upande gani?"

Mukundwa alifungua kinywa. Mimi nilikuwa mbele yake. Nilikuwa mbele yake kwa sababu nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikasema, karibuni, mama, mtembee muone wenyewe, hapa hakuna udongo uliokaa bure, kila kipimo kina mwenyewe. Niliwapitisha mstari kwa mstari. Niliwaonyesha maganda machanga. Niliwaambia nyumba thelathini zinakula hapa. Kijana mmoja aliyekuja naye alikuwa anaandika haraka haraka na mimi niliongea polepole ili asikose neno. Niliwaeleza hata mishingiriro, ni miti gani tuliyotumia, kwa nini msave unafaa kuliko mwanzi. Aliuliza mingapi, nikamjibu kwa majivuno, kama elfu mbili.

Nilichuma majani na kuyafunga kwenye majani ya mgomba, mafurushi matatu, kila mmoja na lake. Mgeni haondoki mikono mitupu.

Mama wa buti alifurahi kweli, hakuwa mtu mbaya. Alinishukuru akasema, "Mumefanya kazi kubwa ya kilimo hapa."

Nikasema, "Aksanti sana."

Ndipo nikamtazama Mukundwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia mikono yake. Nilidhani ana wivu. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: leo, saa ile, nilidhani ana wivu.

Jumamosi, 25 Novemba

Umuganda. Tumezibua mfereji uliojaa udongo wetu wenyewe. Mvua ilitukimbiza.

Jumapili, 3 Desemba

Mvua. Mukundwa hapigi tena redio asubuhi. Sikujua nilikuwa naisikiliza.

Jumanne, 12 Desemba

Mkutano wa wakazi, kama kila Jumanne mchana, kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Mkuu wa mtaa alisoma barua ya wilaya kwa sauti, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu hawakuelewa.

Wilaya inatushukuru. Wilaya ilikuja ikakagua. Hoja yetu ilikuwa kwamba Lapanti ina miti inayohitaji kulindwa. Wakaguzi wamekuta shamba, linalolimwa na wakazi kwa hiari yao, na miti iliyobaki haifanyi msitu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuendelea kuiacha rangi ya kijani kwenye ramani. Kwa kuwa udongo kwenye mteremko kama ule ukilimwa unashuka, kama ulivyokwisha kushuka, ni bora pajengwe na kuwekewa kuta. Wakazi wavune mazao yao kufikia mwisho wa Desemba.

Kuta. Alipokuwa anasoma neno hilo nilikuwa naona mwandiko wa yule kijana, na kusikia sauti yangu mimi nikimwambia polepole ili asikose neno.

Watu walipiga kelele. Mkuu wa mtaa, ambaye hapendi kelele, akanyanyua mkono akauliza, "Sasa nani aliwaambia mulime pale? Nani alianza?"

Nilikuwa kwenye benchi la pili. Védaste alikuwa kulia kwangu, anaangalia kofia yake. Nilihesabu moyoni: nikisimama sasa, yataisha sasa. Miguu ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshashika ukingo wa benchi.

Mukundwa akasimama. Alikuwa nyuma, na sare ya kazi. Akasema, "Tulilima wote."

Yeye hakupanda hata punje moja. Kila mtu pale anajua hakupanda. Alisema tulilima wote, akaketi, na mkuu wa mtaa akatikisa kichwa akaenda kwenye habari ya bima ya afya. Na mimi niliachia ukingo wa benchi. Niliona aibu, kisha ikaja ahueni, na ahueni ilikuwa kubwa kuliko aibu. Hilo ndilo ninaloona vigumu kuliandika.

Niliandika humu kwamba anaongea na watu wazima kama anayewaeleza dozi. Nilimwambia hana wa kulisha. Alibeba matope. Alibisha mlango wangu. Kila nilichokiona kwake kama majivuno kilikuwa ni kuona mbali, na kila nilichokiona kwangu kama busara ilikuwa ni kupenda kupigiwa makofi. Nimeishi miaka hamsini na tatu nikijisifu kwamba mimi husema ukweli usoni mwa mtu.

Alhamisi, 14 Desemba

Nimekwenda mpaka mlangoni kwake, nikarudi. Kulikuwa na viatu vya wageni nje. Hapana, vilikuwa viatu vyake mwenyewe, jozi mbili, ninavijua.

Jumapili, 17 Desemba

Baada ya misa wanawake walikuwa wanazungumza. Wanasema Mukundwa ndiye aliyeharibu. Kama asingeandika mabarua yake, wakubwa wasingejua habari zetu, na tungelima Lapanti mpaka tuzeeke. Wengine wanasema labda alipewa kitu na mwekezaji. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisema, "Musiseme hivyo." Nilisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba chumvi. Wakaendelea.

Jumatano, 20 Desemba

Jua kwa mara ya kwanza tangu Septemba, siku nzima. Maganda yanaanza kukauka.

Jumatatu, 25 Desemba

Noeli. Chloé hakuweza kuvuka. Mukundwa ameniletea sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani iliyofunikwa. Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa naye mlangoni, peke yetu, na yeye amesimama hana haraka. Nilimwambia sambaza ni wakubwa mwaka huu. Akasema ndiyo, ni wakubwa.

Alhamisi, 28 Desemba

Amehama. Amepangiwa kituo cha afya cha Bweyeye. Védaste anasema ameomba mwenyewe, tangu wiki ile ya barua. Godoro moja, sanduku, ndoo mbili, kwenye gari la kukodi. Nyiransabimana alimpa majina ya dada zake wote wa kule na njia ya kufika kwa kila mmoja, saa tatu kwa miguu, saa nne kwa miguu, na akalia.

Mimi niliambiwa. Nilikuwa mpakani. Nilijua siku ni leo, aliniaga jana kupitia ukutani, "Maman, kesho naenda," na niliamka nikafunga mzigo nikaenda mpakani kununua maharagwe, mwezi ambao kila nyumba ya Gihundwe ina maharagwe. Nilisimama kwenye foleni ile sina ninachotaka ng'ambo. Nilivuka, nikanywa chai Bukavu, nikarudi. Nilipofika chini ya Lapanti sikutua mzigo. Nilipanda nao moja kwa moja mpaka nyumbani, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya kabisa.

Jumapili, 31 Desemba

Tumevuna. Siku mbili, watu wote, na ni mavuno ambayo sijayaona mjini. Magunia kumi na saba. Mishingiriro imerundikwa kando ya barabara kwa kuni. Mteremko sasa ni udongo mtupu na vishungi vya grevilea, na kesho kutwa watazungushia mabati.

Nyiransabimana alipika sufuria kubwa uani kwake, pale pale matope yalipokuwa. Tulikuja kama watu arobaini, kila mtu na sahani yake. Védaste alishukuru Mungu kwa sala ndefu. Kisha watu wakaanza kula, na mmoja akasema, "Kama ule Mukundwa hangeita bale batu, mwezi wa pili tungepanda tena," na wote wakaitika, pole pole, bila hasira, jinsi watu wanavyosema jambo lililokwisha kujulikana.

Niliweka sahani chini. Nilisimama. Nilisema kwa sauti ambayo hata walio nje barabarani waliisikia. Nilisema Mukundwa alikataa maharagwe tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyelazimisha. Mimi nilitoa mbegu ya kupanda juu, nikijua inataka fimbo, sikufikiri fimbo zitatoka wapi. Mimi nilisimama mbele ya wale wakubwa nikawaambia ni shamba. Nilisema alikuja kwangu siku mbili kabla, akaniomba tung'oe, akasema mkinisikia mimi mtakubali, na mimi nikakataa. Nilisema pale mkutanoni ni mimi niliyepaswa kusimama.

Walinisikiliza. Hakuna aliyetafuna.

Nyiransabimana akaja akanishika mkono. "Maman Chloé," alisema, "umechoka na mupaka. Weye njo ulitupatia chakula."

Nilirudia. Nilitaja siku, tarehe, saa. Nilitaja alichokisema na nilichomjibu. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa upendo, akasema, muone Maman anavyomtetea jirani yake, ana moyo. Védaste akasema, "Bon, tumesikia. Hakuna mwenye kosa. Tule, chakula kinapoa."

Wakanikalisha. Wakachukua sahani yangu, wakaijaza tena mpaka juu, wakaniwekea magotini, na wakakaa wakiningojea nianze. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Yalikuwa maharagwe mazuri, yameiva sawasawa, na niliyala yote.